Akili unde na msongo wa mawazo: kituo chako kichukue chombo kipi?

Vyombo vinavyotangazwa kumsaidia tabibu kupima na kutibu msongo wa mawazo huuzwa vyote kwa jina moja, akili unde. Ukivifungua, ni vitu vitano visivyofanana: hojaji inayojihesabu, modeli ya lugha (programu iliyosomeshwa maandishi mengi na kutunga majibu) inayomshauri tabibu, saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo, programu inayosikiliza sauti, na roboti ya mazungumzo inayoongea na mgonjwa mwenyewe. Ulinganisho huu ni wa msimamizi wa kituo cha afya pale Ahero, Kenya, mwenye kliniki binafsi mjini Nakuru, tabibu wa zahanati ya shamba la maua Naivasha, au yeyote wa Kakamega na Busia aliyekabidhiwa bajeti ndogo na kuambiwa atafute "kitu cha kidijitali".

Tuseme mapema tunakoegemea. Hojaji kwanza, mshauri wa tabibu pili. Saa ina kazi yake katika matibabu, si katika upimaji. Roboti ikae kati ya vikao. Kipima sauti kisubiri.

Kabla ya kulinganisha, tukumbuke kwamba msongo si jina la ugonjwa. Katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, magonjwa yanayotokana na msongo yamekusanywa kuanzia namba 6B40: kiwewe (6B40), kiwewe changamano (6B41), majonzi yasiyokwisha (6B42) na kushindwa kukabili mabadiliko ya maisha (6B43). Mshtuko wa siku za kwanza baada ya tukio baya una namba QE84 na hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Uchovu wa kazini, QD85, nao umewekwa nje. Mkulima wa Nyando ambaye mafuriko yamebeba mpunga wake juzi, na muuguzi aliyechoshwa na zamu za usiku, wote watasema wana stress, lakini mmoja anahitaji chakula, makao na mtu wa kumsikiliza, na mwingine anahitaji ratiba ya kazi irekebishwe. Chombo kinachotoa jibu moja, "ana msongo, asilimia 78", hakijamtofautisha yeyote.

Isitoshe, mgonjwa haingii akisema ana msongo. Anasema kichwa kinamgonga, tumbo linawaka, moyo unaenda mbio, usingizi unakatika saa nane usiku. Nusu ya kazi ya chombo kizuri ni kukuzuia usiite malaria au ugonjwa wa tezi ya shingo (thyroid) msongo, wala msongo malaria.

| Chombo | Kinapokea nini | Kinahitaji nini kituoni | Kinakosea wapi | Kinamfaa nani |
|---|---|---|---|---|
| Hojaji inayojihesabu | majibu ya mgonjwa | simu moja, dakika 5 hadi 10, bila intaneti | tafsiri mbovu, hesabu mbovu, tahadhari isiyosomwa | kila kituo |
| Mshauri wa tabibu | muhtasari wa tabibu | intaneti, tabibu mwenye leseni, kanuni za usiri | kukubaliana na swali, kutaja dawa zisizo stoo | Level 3 (ngazi ya kituo cha afya) kwenda juu, kliniki binafsi |
| Saa ya mkononi | mapigo, mara nyingine jasho na joto | chaji, wiki mbili za kumzoea mtu | homa, upungufu wa damu, dawa, kazi ya mikono | mafunzo ya kupumua |
| Kipima sauti | sekunde chache za maongezi | chumba kimya, lugha inayoijua | kuwaita wazima wagonjwa | utafiti, kwa sasa |
| Roboti ya mazungumzo | ujumbe wa mgonjwa | mtu wa kupokea dharura usiku na mchana | mafumbo ya kutaka kufa, simu ya pamoja | mgonjwa aliye kati ya vikao |

Hojaji inayojihesabu

Hii mara nyingi haina akili unde yoyote ndani, na hiyo si kasoro. Unauliza, simu inajumlisha, na ukiulizwa jumla imetoka wapi unaweza kueleza. Tatu zinatosha kwa kituo cha kawaida. PSS-10, iliyotokana na kazi ya Sheldon Cohen ya mwaka 1983, hupima kiasi ambacho mtu anaona maisha yamemlemea: maswali 10, alama 0 hadi 4 kila moja, jumla 40. PHQ-9 hupima sonona: maswali 9, jumla 27. GAD-7 hupima wasiwasi: maswali 7, jumla 21. PHQ-9 ilichunguzwa hapa hapa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Si chombo kigeni kilichodondoshwa tu.

PSS-10 ndiyo inayoharibiwa zaidi na watengenezaji wa fomu. Swali la 4, 5, 7 na la 8 huuliza mambo mema, kwa hiyo alama zake hugeuzwa: 0 inakuwa 4, 1 inakuwa 3, na kuendelea. Mtu akisahau kugeuza, fomu itafanya kazi vizuri kabisa na kutoa majibu ya uongo. Jaribio lake ni la dakika mbili. Jaza 4 katika maswali yote. Jumla sahihi ni 24, na ukiona 40, fomu ni mbovu. Kisha jaza 0 kote. Jumla sahihi ni 16. Jaza 2 kote na utapata 20 kwa njia zote mbili, kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha mfano wa 2 tupu hajakuonyesha chochote.

Kwa PHQ-9, jaribio ni jingine. Jaza sufuri kila mahali isipokuwa swali la 9, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujiumiza, ambalo utajaza 1. Jumla ni 1, chini kabisa, lakini skrini lazima ipige tahadhari na isikuruhusu kufunga fomu kabla hujaandika umefanya nini. Programu inayoangalia jumla peke yake itampeleka mtu huyo nyumbani na alama ya kijani.

Kuna pia suala la muda. PSS-10 huuliza juu ya mwezi mmoja uliopita. PHQ-9 na GAD-7 juu ya wiki mbili. Hojaji zikifuatana bila tangazo la kubadili muda, mgonjwa hujibu zote kwa muda wa ile ya kwanza. Weka ukurasa mzima katikati unaosema: "Sasa nakuuliza juu ya wiki mbili zilizopita tu."

Kituo chenye foleni ndefu kianze na maswali mawili ya kwanza ya PHQ-9. Jumla ikifika 3, endelea na saba yaliyobaki. Isipofika, na mgonjwa haonyeshi dalili nyingine ya kutia shaka, mwache aende kwenye tatizo lililomleta. Fomu yenyewe unaweza kuijenga kwenye KoboToolbox, programu ya kutengeneza fomu, ijazwe bila mtandao na kutumwa jioni. Vituo vinavyotumia KenyaEMR, mfumo wa kidijitali wa rekodi za wagonjwa, tayari vimekalia OpenMRS, mfumo ambao mizizi yake iko jirani: mfumo wa rekodi wa kituo cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ulianza kazi mwaka 2001, na OpenMRS ikafuata mwaka 2004. Uliza kwanza kama hojaji inaweza kuingizwa humo kabla ya kununua mfumo wa pili ambao hauongei na wa kwanza.

Kosa ambalo hakuna programu italiona: mume amesimama mlangoni, mke anajibu sufuri mpaka mwisho. Hojaji hufanywa faragha au haifanywi.

Mshauri wa tabibu

Hapa ndipo akili unde inapoanza kweli, na ndipo tunapoona faida kubwa kuliko kwingine, mradi inaongea na tabibu na si na mgonjwa. Ushahidi wa karibu ni wa Nairobi. Penda Health, mtandao wa kliniki, kwa kushirikiana na OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilijaribu mshauri aitwaye AI Consult katika kliniki 15, ziara za wagonjwa 39,849. Matokeo yaliyotangazwa Julai 2025 yalionyesha makosa ya utambuzi yakipungua kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu kwa asilimia 13 kwa matabibu waliokuwa na mshauri. Chombo hicho hukaa nyuma ya rekodi ya mgonjwa na kuwasha kijani, manjano au nyekundu, hakiandiki dawa.

Soma matokeo hayo kwa makini, maana yanapenda kunukuliwa nusu. Ilikuwa tiba ya kawaida ya kila siku, si kliniki ya msongo. Makosa yalihesabiwa na madaktari waliopitia rekodi. Wagonjwa wenyewe walipoulizwa wanaendeleaje, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutegemewa kitakwimu. Na chombo hakikuleta faida kwa kuwekwa tu: matabibu walihitaji kufundishwa, kufuatiliwa na kuonyeshwa kesi ambamo taa nyekundu ilipuuzwa. Kliniki ya Kisumu inayonunua leseni bila kutenga saa za mafunzo imenunua nusu ya bidhaa.

Mafanikio hutegemea unachokiandikia chombo. Tabibu akiandika "Je, mgonjwa huyu ana msongo?", modeli ya lugha ina tabia ya kukubaliana na mwelekeo wa swali. Mpe picha kamili, kisha uliza kitakachokupinga. Mfano wa muhtasari unaofaa:

"Mwanamke, miaka 30 hadi 39. Wiki 6: usingizi hukatika, moyo kwenda mbio, amepungua uzito. PSS-10: 27. PHQ-9: 11, swali la 9: sufuri. Mapigo 108 akiwa ametulia, shinikizo 138/70, Hb 9.2, kipimo cha malaria hasi. Anatumia dolutegravir. Mume amepoteza kazi ya kiwanda. Taja mambo matatu ya mwili yanayoweza kuleta dalili hizi hata kama msongo haupo, na kwa kila moja taja kipimo kinachopatikana hospitali ya Level 4. Kisha taja maswali mawili ya hatari ambayo sijauliza."

Jibu zuri litataja tezi inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, na dolutegravir, dawa ya virusi vya Ukimwi ambayo inajulikana kuvuruga usingizi wa baadhi ya watu. Kwa hiyo ya mwisho, kuhamishia dozi asubuhi huenda kukaleta nafuu bila kidonge kingine. Jibu baya litaruka moja kwa moja kwenye ushauri nasaha kwa sababu limesoma neno "mume". Hakuna jina, namba ya kitambulisho, simu wala kijiji katika muhtasari huo, na umri umewekwa kwa kundi. Ndivyo inavyotakiwa hata pale muuzaji anapoapa kwamba data haihifadhiwi.

Upande wa tiba, usiiamini bila mwongozo mezani. Modeli nyingi zimesoma zaidi maandishi ya Marekani na Uingereza, hivyo hutaja dawa ambazo stoo ya kaunti haijawahi kuziona, au hupendekeza mtaalamu ambaye yuko umbali wa nauli ya siku nzima. Linganisha kila pendekezo na mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya akili katika vituo visivyo na mtaalamu, hasa mahali hapa pawili: mtu mzima mwenye dalili za msongo mkali mara baada ya tukio baya hapewi diazepam wala dawa nyingine za kundi lake ili kupunguza dalili hizo, na wala hapewi dawa za sonona kwa lengo hilo. Diazepam ya "kumtuliza alale" ni mazoea ya zamani ambayo chombo huweza kuyarudia vilevile kama binadamu. Ukikiuliza, kiulize kwa namna hii: "Nionyeshe sababu za kutompa dawa yoyote leo."

Kuna kanuni moja ambayo tungeiandika ukutani. Tabibu aandike utambuzi wake kwanza, ndipo afungue mshauri. Akianza na mshauri, akili yake hufuata njia iliyokwisha kufyekwa, na makosa ya mashine huwa makosa yake yenye sahihi.

Baadhi ya vyombo hivi hurekodi maongezi na kuyaandika vyenyewe. Kwa Kiswahili sanifu kinachosemwa polepole, kazi inaridhisha. Kwa maongezi yanayochanganya Kiswahili, Dholuo na Kiingereza katika sentensi moja, au Kiluhya na Sheng, hali ni nyingine. Hatari kubwa si maneno yanayokosekana kabisa, kwa kuwa hayo utayaona. Hatari ni silabi ndogo. "Sijawahi kufikiria kujiua" na "nishawahi kufikiria kujiua" hutofautiana kwa pumzi moja, na kelele ya mvua juu ya mabati inatosha kuimeza. Sentensi yoyote inayogusa kujiua, kupigwa, pombe au mimba isomwe upya na tabibu kabla rekodi haijahifadhiwa.

Saa na sauti: tatizo la hesabu

Saa ya mkononi hupima muda kati ya pigo moja la moyo na lingine. Mtu aliyetulia, muda huo hubadilika-badilika, aliyebanwa, hubana. Kisayansi ni kweli. Tatizo ni kwamba moyo hauna njia moja tu ya kubanwa. Homa hufanya hivyo. Upungufu wa damu, ujauzito, miraa, pombe ya jana, tezi, maumivu, na kubeba mawe ya ujenzi pia. Propranolol, dawa ya moyo na shinikizo, nayo hutuliza mapigo na kuficha msongo uliopo. Katika eneo lenye malaria kama kando ya Ziwa Victoria, kihisi hicho kitapiga kelele kwa sababu nyingi kabla hakijafika kwenye mawazo.

Ukisikia "usahihi wa asilimia 93", uliza watu wangapi. Hifadhidata inayotumiwa mno katika utafiti huu, WESAD ya mwaka 2018, ina watu 15, waliopimwa maabara nchini Ujerumani wakipewa msongo wa kutengenezwa: kuhutubia mbele ya watu na kufanya hesabu ya kichwa. Asilimia 93 ilitoka humo, kwa kutofautisha msongo na hali isiyo ya msongo. Haikupimwa kwa mvunaji wa waridi anayesimama kwa saa nane ndani ya banda lenye joto.

Hata hivyo tusiitupe saa. Mpe mgonjwa mmoja, pima kila siku wakati uleule, ameketi, amepumzika dakika 5, hajanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, kisha rekodi dakika 5 zisizo na maongezi. Wiki mbili za kwanza ni za kujua kawaida yake. Usimlinganishe na jirani yake. Baada ya hapo saa inakuwa kioo cha mazoezi ya kupumua: kuvuta pumzi sekunde 5, kutoa sekunde 5, yaani pumzi 6 kwa dakika, dakika 10 asubuhi na jioni. Mgonjwa anayeona mstari ukipanda na kushuka na pumzi yake huendelea na zoezi kwa hamu kuliko anayeambiwa tu "tulia". Ukanda uliolegea hutoa takataka, na mwanga wa kijani wa saa hizi hunyonywa zaidi na ngozi nyeusi, kwa hiyo kwenye ngozi yetu ukazaji wa ukanda si jambo la hiari.

Kipima sauti kina mvuto zaidi kwa waajiri, kwa kuwa mfanyakazi anaongea tu na simu. Chukua kimojawapo kilichochapishwa mwaka 2025, kilichojaribiwa kwa waongeaji wa Kiingereza wa Marekani na Kanada, tena kwa sonona na si msongo. Kilihitaji sekunde 25 za maongezi, kikanasa takriban 71 kati ya kila 100 walionayo, na kuwaruhusu takriban 73.5 kati ya kila 100 wasionayo. Zinasikika kama alama nzuri za mtihani.

Zipeleke sasa kwenye shamba lenye wafanyakazi 1,000 na tuseme 100 kati yao wana shida ya kweli. Chombo kitanasa 71 na kuwakosa 29. Kati ya 900 walio wazima, kitawaita wagonjwa takriban 238. Orodha itakayofika mezani kwa mshauri nasaha ina majina 309, na wenye shida ni 71, chini ya mmoja kati ya wanne. Kuongea na kila mmoja dakika 20 ni saa 103. Mshauri mmoja anayeweza kuzungumza na watu saa 6 kwa siku atamaliza siku 17 za kazi, na wengi wa aliokaa nao hawakuwa na tatizo hilo. Wale 29 waliokoswa wameambiwa wako sawa. Na hesabu hiyo imefanywa kwa ukarimu, kama kwamba chombo kinajua Kiswahili cha Naivasha jinsi kinavyojua Kiingereza cha Chicago. Mafua, kikohozi na jenereta nje ya dirisha havijaguswa.

Chombo hichohicho katika kliniki ya ushauri ambako watu 400 kati ya 1,000 wana shida hutoa orodha ambayo karibu theluthi mbili ni sahihi. Hivyo si kwamba hakifai popote. Ila kliniki hiyo tayari ina mtu anayeweza kuuliza maswali tisa.

Kwa mwajiri kuna jambo jingine tunalolisema bila kupepesa: matokeo ya mtu binafsi yasifike ofisi ya rasilimali watu. Mfanyakazi akijua sauti yake inapimwa na bosi, ataongea kwa uchangamfu wa kuigiza, na chombo kitapima uigizaji.

Roboti ya mazungumzo

Zipo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko bei. Ya kwanza hufuata maandishi yaliyotungwa na wataalamu. Haiwezi kubuni ushauri wa hatari, lakini ukiandika nje ya njia inapotea. Ya pili hutunga majibu papo hapo. Inaelewa Kiswahili cha mitaani vizuri zaidi, lakini inaweza kumkubalia mgonjwa jambo ambalo tabibu angelipinga. Woebot, iliyokuwa maarufu katika kundi la kwanza, ilifunga programu yake tarehe 30 Juni 2025. Kwa hiyo mkataba useme kampuni ikifunga mgonjwa anaarifiwa lini, na maandishi yake yanakwenda wapi.

Jaribu roboti kabla ya kumpa mgonjwa. Kusanya sentensi zisizopungua 20 ambazo watu wa eneo lako husema wakiwa pabaya, bila neno "kujiua" ndani yake: "nimechoka na hii dunia", "heri nisingezaliwa", "nataka nipumzike kabisa", "watoto wangu watakuwa sawa bila mimi". Ziandike kwa Kiswahili, kwa lugha ya mama, na kwa mchanganyiko, zikiwa na makosa ya kuchapa. Roboti ikijibu hata moja kwa shairi la kutia moyo bila kuuliza moja kwa moja kuhusu usalama na kutoa namba ya msaada, irudishe. Kwa Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo na ni mojawapo ya namba zinazofaa kuwemo.

Simu za pamoja ni tatizo ambalo watengenezaji wa ng'ambo hawalifikirii. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na mume, mke na mtoto anayefanya kazi ya shule. Ujumbe wa "Habari, leo umejisikiaje kuhusu hofu ya mumeo?" ukitokea juu ya skrini saa mbili usiku unaweza kuleta kipigo. Chagua inayomsubiri mgonjwa aanze, isiyoonyesha maneno kwenye skrini iliyofungwa, na yenye jina lisilotaja afya ya akili.

Kazi yake nzuri ni kushikilia kinachofundishwa na binadamu. PM+ (Problem Management Plus) ya Shirika la Afya Duniani, mafunzo ya kukabili matatizo na msongo, ina vikao 5 vya mara moja kwa wiki, kila kimoja dakika 90, na ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ikiendeshwa na wahudumu wa jamii wasio wataalamu. Katikati ya vikao kuna mazoezi ya kufanya nyumbani. Roboti ya kukumbusha zoezi la kupumua Jumatatu na kuuliza Alhamisi tatizo lililochaguliwa limefikia wapi inasaidia. Kuchukua nafasi ya vikao vyenyewe ni jambo jingine.

Karatasi za kisheria, kwa ufupi

Rekodi ya afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kuipeleka seva ya nje ya nchi kunahitaji idhini ya mgonjwa na ulinzi unaoweza kuonyeshwa. Mgonjwa ana haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana. Data ikivuja, Kamishna wa Data huarifiwa ndani ya saa 72. Muuzaji asiyeweza kukuambia seva iko nchi gani, muage kwa heshima.

Nani achukue nini

Zahanati ya Level 2 yenye muuguzi mmoja: maswali mawili, kisha tisa, kwenye simu isiyo na intaneti, pamoja na karatasi ukutani yenye jina la hospitali ya rufaa na siku za kliniki ya akili. Hakuna kingine mwaka huu.

Level 3 au Level 4 yenye matabibu wawili au zaidi na umeme usiokatika kila alasiri: hojaji, halafu mshauri wa tabibu kwa majaribio ya miezi mitatu, akianza na tabibu mwenye uzoefu. Asianze na mwanagenzi. Mwenye uzoefu ndiye atakayeona ushauri unapopotoka.

Kliniki binafsi ya Nakuru yenye wateja wa bima na mshauri nasaha wa kudumu inaweza kuongeza saa kwa mafunzo ya kupumua, na roboti ya maandishi yaliyotungwa kwa wagonjwa waliokwisha kuonana na mshauri ana kwa ana. Shamba la maua: hojaji inayoendeshwa na zahanati kwa hiari, faragha, bila majina kufika ofisini. Hospitali kubwa za rufaa, kama Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu au ya kaunti ya Nakuru, zina nafasi ya kukipima kipima sauti kwa Kiswahili na Dholuo chini ya kamati ya maadili ya utafiti, na data hiyo ingekuwa na thamani kuliko leseni yoyote.

Baada ya miezi mitatu, usihesabu hojaji zilizojazwa. Hesabu nne tu: waliopata alama ya juu, waliozungumza na mtu siku hiyohiyo, waliopewa rufaa, na waliofika kweli walikoelekezwa. Namba ya mwisho ikiwa chini ya nusu ya ile ya tatu, usinunue chombo kingine. Pesa hizo zilipe nauli na muda wa maongezi wa mhudumu wa jamii anayepiga simu kuuliza kama mgonjwa alipanda matatu.